Karatasi ya Upande wa Pili

Kabla ya kupima chochote, Babu aliipuliza sahani ya mizani. Pumzi moja fupi tu, kama ya mtu anayezima kibatari. Kisha alichana gazeti la juzi vipande viwili vinavyolingana. Kimoja alikitandika kwenye sahani ya sukari. Cha pili alikilaza upande wa mawe, akayapanga mawe juu yake. Ndipo akachota kwa kopo na kuanza kumimina, polepole, mpaka sahani mbili zikatazamana.

Nilikuwa na miaka saba, pengine minane, siku nilipomwuliza. Mama alikuwa amenituma robo ya sukari, nami nimesimama barazani kwa vidole vya miguu, kidevu juu ya ubao wa dirisha la duka.

"Babu, karatasi hii ya huku ya nini?"

"Karatasi nayo ina uzito, mjukuu wangu. Mama kakutuma sukari au kakutuma gazeti?"

"Sukari."

"Haya basi."

Nilicheka. Kipande kile cha gazeti kingekuwa na uzito gani? Wa punje chache, ambazo hata sisimizi hawangeziitia wenzao. Nikamwuliza tena, kwa ule ung'ang'anizi wa watoto, kwa nini basi anajisumbua. Alikuwa tayari anasokota pakiti, ncha ya karatasi ikiingia ndani ya mkunjo wake bila uzi.

"Ili usiku nilale," akasema, akanipa na chenji yangu.

Hayo ndiyo mahubiri yote niliyowahi kuyasikia kutoka kwake, na wakati ule sikujua kuwa ni mahubiri.

Tulikuwa tukiishi Ngamiani, mjini Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za hapo: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma ua wenye jiko, choo na bomba moja la maji lililotukutanisha sote alfajiri, tupende tusipende. Chumba cha mbele kushoto kilikuwa duka. Babu na Bibi walilala chumba kinachofuata. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya nyuma kulia. Vilivyobaki walipanga mjane aliyekaanga vitumbua na vijana wawili wa kiwandani.

Babu hakuwa babu yangu wa damu. Kila mtu alimwita hivyo, hata watu wazima wenye mvi zao. Alikuwa Mwislamu wa kofia ya mkono iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama pamba, na kanzu ya Ijumaa iliyopigwa pasi ya mkaa. Adhana ikilia, alilaza ubao kukingama dirisha, akavaa ndara, akaenda. Ukifika na ubao umekingama, ulikaa barazani ukamsubiri. Sikumsikia hata siku moja akimwambia mpangaji mwenzake, "Twende," wala akimwuliza aliyebaki kwa nini amebaki.

Sisi tulikuwa Wakristo, Waanglikana wa Magila. Anayeijua Bonde anajua maana yake. Wamisheni wa UMCA walifika Magila, karibu na Muheza, katika miaka ya 1860, wakajenga kanisa, shule na hospitali, na babu yangu mzaa baba alikuwa mwalimu katika shule zao. Alimwachia baba mambo matatu: ubatizo, mwandiko mzuri, na kitabu kinene chenye jalada lililofifia. Kitabu hicho kilikuwa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyofanywa na Godfrey Dale, padre wa misheni hiyohiyo, ikachapwa mwaka 1923. Ndiyo tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa lugha yetu, na aliyeifanya alikuwa mhubiri wa Kikristo, mwenye maelezo yake ya kubishana nayo mwishoni. Waislamu wenyewe walikuja kupata tafsiri zao baadaye, na ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ambayo watu wengi wanaijua, ilikamilika kuchapwa mwaka 1969.

Kitabu hicho cha Dale ndicho kilichokuwa silaha ya baba.

Kwa kawaida Waanglikana wa Magila si watu wa kuhubiri barabarani. Dini yao ni ya kengele, uvumba na kupiga magoti. Lakini baba alipata wenzake wa kazini waliookoka, moto wa Uamsho ukamwingia, na tangu hapo hapakuwa na mtu salama. Alihubiri kwenye bomba la maji. Alihubiri kwenye foleni. Aliwahubiria wale vijana wawili wa kiwandani mpaka wakaanza kupita mlango wa uani. Alinunua spika ya mkononi, ile ya betri, na jioni za Jumamosi akaenda nayo hadi kituo cha basi. Betri zilipokuwa haba, alizianika juani juu ya bati la jiko ili zifufuke, na mama, akizitazama zimepangwa kama dagaa, alisema neno moja tu:

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Baba aliposikia alisema hiyo ni methali ya wafanyabiashara. Mama akamjibu kuwa ndiyo maana inajua thamani ya vitu.

Kwa Babu alikwenda na kitabu. Alijaza pambizo zake alama za penseli: hapa pa kuuliza, hapa pa kujibu, hapa pa kumbana. Alikaa barazani, akafungua, akasema, "Mzee, nina swali." Babu alisema, "Karibu kahawa, jirani," akammiminia kikombe, akaendelea kusokota pakiti huku anasikiliza. Na alisikiliza kweli. Hakukatiza, hakuguna. Baba alipofika mwisho, jasho likimtoka, Babu alisema, "Hayo mazito, jirani. Mimi mwenye duka tu." Baba alirudi ndani akihesabu ushindi.

Mara moja tu mama alimwuliza Babu kwa nini havunji mazungumzo yale. Akamwambia kuwa alipokuwa kijana huko upande wa Muheza aliota kidonda mguuni, akapelekwa hospitali ya misheni Magila. Sista mmoja akakiosha na kukifunga kila asubuhi kwa miezi mitatu. Masista wale walikuwa wa shirika lililoanzishwa na Askofu Frank Weston mwaka 1911, na wauguzi wao walijulikana Bonde nzima. "Miezi mitatu ananishika mguu unaonuka," Babu alisema, "hakuniuliza nasali wapi. Mumeo akisema maneno yake, mimi namsikiliza kwa ajili ya yule."

Mama alinisimulia hayo nikiwa mkubwa. Utotoni nilijua mambo madogo tu. Nilijua kuwa mwezi wa Ramadhani, yeye akiwa na swaumu, alifungua dirisha mapema kuliko siku nyingine, sinia la maandazi ya Bibi limefunikwa kitambaa, kwa sababu sisi watoto wa Kikristo tulikuwa tunakwenda shule. Siku moja nilijificha nyuma ya mlango na andazi langu, nikiona haya kutafuna mbele yake. Akaniita.

"Njoo ulile hapa kwenye mwanga. Mfungo wangu, tumbo lako."

Sisi pia tulifunga, wakati wa Kwaresma, na kwa kuwa baba ndiye aliyefunga, mtaa mzima ulijua.

*

Aliyeishi Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 hahitaji kuelezwa, lakini wanangu wanahitaji. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba hazina, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna. Vitu vilipotea kimoja baada ya kingine kama wageni wanaoaga: sukari, sabuni, mafuta ya kula, khanga, dawa ya meno. Tulikula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Tulipanga foleni usiku kwa ajili ya kitu tusichokijua bado, na anayetaka kwenda kujisaidia aliweka jiwe au tofali kushika nafasi yake. Asubuhi ungekuta mstari wa mawe umesimama peke yake mbele ya duka lililofungwa, kila jiwe na mwenyewe.

Sukari ikaja kwa mgao. Balozi wa nyumba kumi kumi alihesabu kaya, duka likapewa gunia, na kila kaya ikapata kiasi chake. Babu alipewa kugawa kwa nyumba za upande wetu. Alifungua daftari la shule, akalipigia mistari kwa rula, akaandika kaya moja moja kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika Kiswahili wazee wa zamani wa pwani. Kila aliyechukua alitia sahihi au dole gumba. Mizani ikapulizwa, karatasi mbili zikachanwa, ingawa gazeti nalo lilikuwa limeadimika. Bibi alisimama foleni kama wanawake wengine, na kikapu chake, akingoja zamu yake kwa mumewe.

Gunia hilohilo lingeweza kumtajirisha. Mtaa wa pili tu yupo aliyeuza nusu kwa mgao na nusu kwa magendo, na usiku watu walikuwa wakiingia kwake kwa mlango wa nyuma kama wendao kwa mganga. Kwa Babu hapakuwa na mlango wa nyuma. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Ramadhani ya mwaka 1982 ilianza mwishoni mwa Juni. Katikati yake, Jumapili moja ya Julai, dada yangu alikuwa apate kipaimara. Wageni wangetoka Muheza na Magila, mashangazi, wajomba na wake zao, mwalimu mstaafu, na mgao wetu wa sukari ulikuwa umekwisha. Kumpa mgeni chai isiyo na sukari siku ya kipaimara ilikuwa aibu ambayo baba hakuweza kuibeba.

Ijumaa usiku, watu waliporudi kutoka tarawehe, baba alinipa kibatari nimmulikie, tukavuka ukumbi. Hatua kumi. Alibisha kwa kucha. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia baba akinong'ona.

"Mzee, nimekuja na shida. Wageni wangu Jumapili. Nitalipa bei yoyote."

"Bei ni ileile, jirani. Lakini kaya yako imeshachukua."

"Najua. Nasema ile ya pembeni."

"Ya pembeni sina."

Pakawa kimya. Mwali wa kibatari ulicheza, na kivuli cha baba kikaenda na kurudi ukutani. Babu alimtazama, akanitazama mimi, akaingia nyuma ya pazia. Tulisikia sauti yake na ya Bibi, chini chini, sentensi mbili tatu. Akatoka na pakiti ya nusu kilo, imesokotwa ile ncha ya kuingia ndani. Akataja bei ya serikali. Akahesabu chenji mpaka senti ya mwisho. Akasema, "Mwanao apate baraka," akafunga mlango.

Ukumbini baba alisimama, pakiti imekumbatiwa kifuani, uso wake uking'aa kwa furaha niliyoizoea, ile ya kushinda hoja.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Wote wana mlango wa nyuma. Kazi ni kujua kubisha."

Sikumjibu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na jambo ambalo nililiamini bila kujua kuwa naliamini lilikuwa limeanguka. Jumapili wageni walikunywa chai tamu, dada akapigwa picha na padre. Wiki nzima kila niliponunua kitu kwa Babu nilikitazama kile kipande cha pili cha karatasi, nikawaza: kumbe maonyesho.

*

Machi 1983 serikali ilianza kuwasaka wahujumu uchumi. Nchi nzima ikashikwa na hofu. Walioficha bidhaa waliogopa kukutwa nazo kuliko walivyoogopa hasara, tukasikia habari za sukari iliyomwagwa baharini na majora ya vitambaa yaliyotupwa usiku. Mtaani kwetu asubuhi moja watoto waliokota sabuni za miche mtaroni, zimelowa, nasi tulikuwa tumefulia majivu miezi mingapi.

Yule wa mtaa wa pili alichukuliwa alfajiri. Kisha wakaguzi wakaja kwetu, watatu, na wanamgambo wawili mlangoni. Ilikuwa siku ya mapumziko, baba yuko nyumbani. Balozi alimwita asimame shahidi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ukarani wa stoo katika shirika moja la umma na hesabu alizijua. Ukumbi ulijaa. Mimi nilipanda juu ya kinu.

Walipima gunia lililobaki. Wakataka daftari. Mkaguzi mkubwa alilifungua, akaligeuza juu chini, akaligeuza tena.

"Hii nini?"

"Kiswahili," Babu akasema.

Ikabidi aitwe mwalimu wa chuo cha Kurani wa barabara ya jirani aje asome. Alisoma kaya baada ya kaya, tarehe baada ya tarehe, na baba, amekaa juu ya kigoda na penseli, alijumlisha. Ilichukua karibu saa nzima. Sauti ya mwalimu ilikuwa ya kuchosha, kama ya mtu anayesoma orodha ya marehemu, hadi alipofika mahali akasita.

"Julai ya mwaka jana. Kaya ya mwenye duka, nusu kilo. Imekatwa. Pembeni pameandikwa: imekwenda kwa jirani wa chumba cha nyuma, ana wageni."

Penseli ya baba ikasimama.

"Jirani yupi?" mkaguzi akauliza.

Hakuna aliyejibu. Babu alikuwa akitazama miguu yake. Nadhani angenyamaza mpaka jioni.

"Ni mimi," baba akasema.

Mkaguzi akaandika. Kisha, si kwa ubaya, kama mtu aliyevutiwa tu, akamgeukia Babu. "Na wewe, mzee, badala ya mgao ule ukatumia nini? Si ilikuwa Ramadhani?"

"Chumvi," Babu akasema. "Uji wa chumvi nao unashuka."

Watu walicheka, hata mwanamgambo mmoja akacheka. Bibi alijifunika uso kwa ukaya. Baba hakucheka. Aliinamisha kichwa, akamaliza kujumlisha, akatangaza kuwa hesabu ni sawa, haijapungua, haijazidi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu mmoja akizungumza na mwenzake.

Usiku ule nilimsikia akigeuka kitandani mpaka majogoo.

Naomba nieleweke: hakusilimu. Jumapili iliyofuata alikuwa kanisani kama kawaida. Wala hakuja kutuambia chochote, na kwa baba kutokusema lilikuwa tukio. Lakini baada ya wiki moja taa yetu ya chemli haikuwaka. Baba aliandaa mahubiri yake barazani, akiukimbiza mwanga wa magharibi.

"Mafuta yameisha?" mama aliuliza.

"Ya kazini yameisha."

Mama alimtazama. Sote tulijua kuwa mafuta ya stoo hayaishi. Kwa miaka tulikuwa tukisoma, tukila na kusali kwa mafuta ya taa yaliyokuja nyumbani ndani ya chupa ya chai, na hakuna aliyewahi kuyaita wizi. Yaliitwa ya kazini. Mwezi huo baba alianza kununua mafuta kwa Babu, chupa moja moja, kwa fedha. Kisha Jumatatu moja nilimwona akifunga vitu kwenye keria ya baiskeli yake: koleo mbili, kufuli jipya, mkebe wa rangi, bunda la karatasi ambalo sisi watoto tulichorea. Akaondoka nazo asubuhi, akarudi mikono mitupu. Nyumba yetu ilizidi kuwa tupu, na baba alizidi kulala.

Jumamosi bado alikwenda dirishani kwa Babu, lakini kitabu alikiacha ndani. Walikunywa kahawa. Waliongea mvua, na bei ya katani, na mwana wa nani kaoa wapi. Wakati mwingine hawakuongea.

*

Rais Mwinyi aliingia madarakani Novemba 1985, ukaja wakati wa ruksa. Sukari ikarudi madukani, khanga zikaning'inia milangoni. Na spika nazo zikarudi, kubwa kuliko ile ya baba. Ilikuwa miaka ya mihadhara. Viwanjani vijana wa Kiislamu walisimama na Biblia mikononi kuwaonyesha Wakristo walipokosea, na vijana wa Kikristo wakasimama na Kurani kuwajibu, kila upande na mashabiki wake kama mechi. Watu waliokuwa wamefuturu pamoja miaka ishirini walianza kuulizana aya. Nayo haikuishia kwenye maneno. Aprili 1993, Dar es Salaam, mabucha ya nguruwe yalivunjwa, na nchi ikashtuka kuona ilikofika.

Kabla ya hapo, mihadhara ilipoanza tu, vijana wa dini yake walimletea Babu kanda zake wakitaka azipige kwenye redio ya duka, watu wasikie. Aliwakaribisha, akawapa soda. Akawaambia redio ile ni ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo.

Vijana wa dini yetu nao walimfuata baba. Walikuwa wamesikia habari za kitabu chenye alama. Waliomba spika na Kurani ya Dale, wakafanye kazi ya Bwana ambayo wazee wameiacha.

"Spika chukueni," baba aliwaambia. "Kitabu bado nasoma."

Babu alifariki mwaka 1989, siku ya Jumanne, baada ya kuugua wiki mbili. Mama na wanawake wenzake walikaa uani wakimenya ndizi na kuchambua mchele, vichwa vimefunikwa khanga. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimekaa karibu na mlango wa ukumbi, kwa hiyo nilisikia yote.

Kabla jeneza halijanyanyuliwa, shehe alisema lile ambalo husemwa: ikiwa yupo anayemdai marehemu, ajitokeze kwa warithi, deni lisimfuate kaburini. Kimya. Watu walitazamana. Mtu aliyefanya biashara miaka arobaini kwenye barabara moja, na hakuna aliyemdai hata senti.

Halafu baba akasimama. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye jamvi la wageni, mikono mapajani.

"Mimi simdai," akasema. "Mimi nadaiwa."

Mwana mkubwa wa Babu akamgeukia. "Kiasi gani, baba yangu?"

"Nusu kilo ya sukari."

Waliokuwapo siku ya ukaguzi wakaelewa. Wasiokuwapo wakadhani mzee amechanganyikiwa. Yule kijana akanyamaza kidogo, koo limemkaba, kisha akasema, "Si uliilipa, baba? Yeye mwenyewe alisema uliilipa."

"Nililipa bei," baba akasema, akakaa.

Jeneza likatoka. Barabarani wanaume walipokezana kulibeba, kama ilivyo desturi, kila mtu akiwahi kutia bega hata kwa hatua chache. Nilisimama barazani nikitazama. Kwenye kona, kati ya kofia nyeupe, nilikiona kichwa kitupu cha baba chini ya jeneza, kikienda nao, kikipanda na kushuka, mpaka wakapotea.

*

Baba naye alizikwa mwaka 2004, huko kwetu Bonde, kwa kengele na uvumba. Wana wa Babu walikuja na basi la asubuhi, wakakaa nje ya kanisa mpaka ibada ikaisha, wakatia mchanga. Kitabu kikanijia mimi, kwa kuwa kaka zangu hawakukitaka.

Mimi nauza nafaka Dar es Salaam. Mizani yangu ni ya umeme, na ina kitufe cha kufuta uzito wa chombo kabla hujamimina. Nimewaajiri vijana kadhaa, na kila mmoja siku ya kwanza nimemwonyesha kitufe hicho. Huwa wanadhani ni somo la mashine.

Kitabu nilikaa nacho miaka bila kukifungua. Nilikifungua majuzi tu, nikitafuta picha ya babu yangu mzaa baba. Alama za baba zimejaa humo, penseli imefifia lakini inasomeka: "Uliza hapa." "Jibu lipo Yohana." "Mbane Mzee." Nilipekua nikitabasamu na kuona haya kwa zamu, mpaka karibu na mwisho, kwenye sura zile fupi, ya themanini na tatu. Ni ile inayowaonya wanaopunja vipimo: wakipimiwa wao hutaka kijae, wakiwapimia wengine hupunguza.

Onyo hilo halikuwa geni kwa baba. Limo pia katika Biblia yake, katika Walawi na katika Mithali, naye alikuwa amelihubiri kituo cha basi kwa sauti kubwa, usiku akarudi nyumbani kusoma kwa mafuta ya stoo. Alikuwa nalo katika vitabu viwili.

Kwenye pambizo ya sura hiyo hakuna swali wala jibu. Kuna mstari mmoja chini ya aya za mwanzo, uliopigwa kwa rula kama wa daftari la stoo, na mbele yake neno moja kwa mwandiko wake mzuri wa Magila:

"Karatasi."